Sambaza wa Ziwa Kivu na Misingi ya Kupiga Mbizi

Hakuna kitoweo kinachowakutanisha wakazi wa pande mbili za Ziwa Kivu kama sambaza. Rwanda huitwa isambaza, Goma na Bukavu huitwa sambaza, lakini sahani ni ile ile: samaki wadogo wa rangi ya fedha, urefu wa kidole, waliokaangwa hadi wakakauka, wakaliwa wazima toka kichwa hadi mkia, kwa pilipili na ndimu, kwa ugali au kwa ndizi. Akina mama wanaovuka kila siku kati ya Gisenyi na Goma, pale panapoitwa Petite Barrière, huwabeba kichwani katika mabeseni. Kwa fedha za samaki hao, kaya nyingi za mwambao hununua sabuni na hulipa ada za shule.

Katika toleo hili tunapenda kuwaeleza wasomaji wetu mambo mawili ambayo kwa kawaida hayazungumzwi pamoja: asili ya samaki huyo, na misingi ya kupiga mbizi. Tunayaunganisha kwa sababu moja. Wavu wa sambaza unaponasa kwenye mwamba au kwenye mti uliozama, mara nyingi kijana mmoja huvua shati, huvuta pumzi ndefu na kuzama kwenda kuunasua. Hufanya hivyo kwa ujasiri, lakini mara nyingi bila mafunzo. Ziwa lenyewe limekwisha kumwekea sambaza mpaka wa kushuka. Mwanadamu naye ana mpaka wake, ulio juu zaidi ya ule wa samaki, na asipoujua huujua kwa gharama ya uhai.

Samaki mgeni aliyegeuka mwenyeji

Wazee waliozaliwa kabla ya mwaka 1950 hawakula sambaza wa Kivu utotoni mwao, kwa kuwa hawakuwapo. Hapo kale maji ya eneo hili yalielekea kaskazini, upande wa bonde la Nile. Milima ya volkano ya Virunga ilipoinuka, iliziba njia hiyo. Maji yakajaa, yakatafuta mlango upande wa kusini, yakaanza kutoka kwa Mto Ruzizi unaoshuka hadi Ziwa Tanganyika. Mto huo una maporomoko makali ambayo samaki wa Tanganyika hawakuweza kuyapanda. Ndiyo maana Kivu lilibaki na aina chache za samaki, wengi wao wakiishi karibu na ukingo. Sehemu pana ya katikati ilikuwa na chakula cha vijidudu vidogo vya majini, lakini haikuwa na samaki wa kukila.

Kati ya mwaka 1958 na 1960, wakati wa utawala wa Wabelgiji, wataalamu wa uvuvi walichukua vifaranga wa samaki wadogo kutoka Ziwa Tanganyika, wale ambao Burundi huwaita ndagala na Tanzania huwaita dagaa, wakawaachia katika Kivu. Aina zilizoletwa zilikuwa mbili, ambazo majina yake ya kitaalamu ni Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon. Aina ya kwanza haikustawi. Ya pili ilishika makao, ikazaana, ikaenea kote ziwani. Huyo ndiye sambaza wetu. Ndugu yake wa aina hiyo hiyo alipelekwa Ziwa Kariba mwaka 1967 na 1968, na leo Zambia na Zimbabwe humwita kapenta.

Uvuvi wake haukukua mara moja. Mwaka 1979 ulianzishwa Gisenyi mradi wa Umoja wa Mataifa wa kuendeleza uvuvi wa Kivu, na mbinu ya kuvua kwa taa katika maji ya katikati ikaenea. Mbinu hiyo ndiyo tunayoiona hadi leo. Mitumbwi mitatu hufungwa pamoja kwa miti. Miti mingine mirefu hutokeza mbele na nyuma kama pembe. Wavu hutandikwa chini kati yake. Wavuvi huondoka jua likizama, wakipiga makasia kwa nyimbo. Usiku huwasha taa, ambazo zamani zilikuwa karabai na sasa nyingi ni za betri. Mwanga huvikusanya vijidudu, na sambaza huja kuvila. Wavu huvutwa juu polepole, na kazi hurudiwa hadi alfajiri. Usiku wa mbalamwezi pato hupungua, kwa kuwa mwanga wa mwezi huwatawanya samaki na taa haiwi tena na nguvu ya kuwaita.

Kuja kwa sambaza hakukukosa gharama. Aina moja ya kijidudu kikubwa cha jamii ya Daphnia, kilichokuwa kikila mwani na kusaidia kusafisha maji, ilitoweka ziwani baada ya kuliwa na mgeni huyu. Tunalitaja hilo ili ieleweke kwamba ziwa si ghala lisilo na mwisho. Sheria zinazokataza nyavu za matundu madogo mno, na kipindi ambacho Rwanda hufunga uvuvi kila mwaka, kwa kawaida miezi miwili hivi, zimewekwa ili sambaza wachanga wapate kukua na kuzaa.

Kwa nini sambaza hashuki hadi chini

Ziwa Kivu lina kina cha mita 485 mahali palipo na kina kikubwa zaidi, lakini maisha ya samaki yako katika sehemu ndogo ya juu. Katika miaka ya 1930 mtafiti Mbelgiji Hubert Damas alipima maji ya vilindini na kuonyesha kwamba ziwa hili limepangika kwa matabaka. Maji ya chini ni mazito kwa chumvi na gesi, hivyo hayapandi kuchanganyika na ya juu. Ndani yake zimo kilomita za ujazo 300 hivi za gesi ya kabonidioksidi, na 60 hivi za methani. Methani hiyo ndiyo inayovutwa pale Karongi na kuendesha mtambo wa umeme wa KivuWatt wenye uwezo wa megawati 26 hivi.

Oksijeni, ambayo samaki huihitaji kama sisi, haifiki huko. Hupatikana hadi mita 30 hivi wakati wa mvua, na hadi mita 60 hivi wakati wa kiangazi, pepo zinapoyakoroga maji ya juu. Ndani ya tabaka hilo sambaza hushuka mchana na kupanda usiku. Chini ya hapo hana maisha.

Hatusemi haya ili kumtisha yeyote. Gesi ya vilindini imeshikiliwa na uzito wa maji yaliyo juu yake, na anayeoga ufukweni haifikii. Hata hivyo, tunawakumbusha wakazi wa ukingo wa kaskazini kuhusu mazuku: kabonidioksidi inayotoka ardhini na kujikusanya katika mabonde na mashimo, hasa penye utulivu wa hewa usiku na alfajiri. Haina rangi wala harufu, ni nzito kuliko hewa, na humwangusha mtu aliyeinama au mtoto aliyelala. Msivue nguo, msipumzike wala msilaze watoto katika mabonde yanayojulikana kuwa na mazuku, na mkiona mtu ameanguka humo msiingie kumfuata.

Yanayompata mwili anayezama

Waswahili husema: maji usiyoyafika hujui wingi wake. Jambo la kwanza ambalo mzamiaji hulikuta ni mgandamizo. Kando ya bahari, hewa hutukandamiza kwa kipimo kinachoitwa atmosfia 1. Ukingoni mwa Kivu, ambako tuko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi zaidi, nayo hukandamiza kwa atmosfia 0.84 hivi. Kila mita 10 za maji huongeza karibu atmosfia 1. Kwa hiyo anayezama mita 10 katika ziwa letu hukuta mgandamizo uliozidi mara mbili ya ule aliouacha juu, na hewa iliyomo mapafuni hubanwa hadi chini ya nusu ya ujazo wake.

Masikio ndiyo huhisi kwanza. Kiwambo cha sikio husukumwa ndani, maumivu huanza hata katika mita 2 au 3. Mzamiaji aliyefunzwa hubana pua na kupuliza kwa upole ili hewa ipite hadi nyuma ya kiwambo, na hufanya hivyo mapema, kabla ya maumivu, tena na tena kadiri anavyoshuka. Maumivu yakianza, hupanda kidogo. Hayakwisha, huacha kuzamia siku hiyo. Mwenye mafua asizame, kwa sababu njia za hewa zimeziba. Kiwambo kikipasuka, maji baridi huingia ndani ya sikio na kumletea mtu kizunguzungu, naye hushindwa kujua juu ni wapi na chini ni wapi.

Hatari ya pili haina maumivu, na kwa sababu hiyo ni kubwa zaidi. Vijana wengi huamini kwamba kuhema haraka haraka mara nyingi kabla ya kuzama huongeza pumzi. Sivyo. Kinachomfanya mtu atamani kupumua ni hasa kuongezeka kwa kabonidioksidi mwilini, si kupungua kwa oksijeni. Anayehema haraka huifukuza kabonidioksidi bila kuongeza oksijeni ya maana. Akiwa majini, mwili haumwonyi kwa wakati. Anajiona bado ana nguvu ilhali oksijeni inakwisha. Anapoanza kupanda, mgandamizo hupungua, na oksijeni kidogo iliyosalia haitoshi tena kuendesha ubongo. Huzimia akiwa amebakiza mita chache, pengine moja tu, afike juu. Hapigi kelele wala hatapitapi. Walio mtumbwini hudhani angali anafanya kazi.

Kwa hiyo kanuni za kuzamia kwa pumzi moja ni hizi. Usihemehe haraka kabla ya kuzama. Usizame peke yako: mmoja akiwa chini, mwingine awe juu akimwangalia kwa macho, bila kufanya kazi nyingine, na aendelee kumwangalia hata sekunde 30 baada ya kurudi. Pumzika juu muda unaozidi mara mbili ule uliokaa chini. Usizame ukiwa umekunywa pombe, umechoka au una baridi. Tamaa ya kupumua ikikujia, panda mara moja. Wavu utabaki pale ulipo.

Kuzamia kwa mtungi wa hewa

Wapo wanaodhani kwamba mtungi wa hewa huondoa hatari hizo. Huziondoa baadhi na kuleta nyingine, ndiyo maana kazi hiyo ni ya aliyefunzwa na kupimwa afya. Kanuni ya kwanza ni kutozuia pumzi kamwe. Anayevuta hewa ya mtungi akiwa chini, kisha akapanda huku amefunga pumzi, hewa hutanuka ndani ya mapafu na inaweza kuyapasua, hata akipanda mita 1 au 2 tu.

Kanuni ya pili ni kupanda polepole, si zaidi ya mita 9 kwa dakika, na kusimama dakika 3 katika kina cha mita 5 kabla ya kutoka. Sababu ni nitrojeni. Sehemu kubwa ya hewa tunayovuta ni gesi hiyo, na chini ya mgandamizo huyeyuka katika damu na nyama. Mtu akipanda haraka, hutoka kwa mapovu kama kinywaji cha chupa kilichofunguliwa ghafla. Mapovu hayo huleta maumivu ya viungo, kupooza, na hata kifo.

Hapa wakazi wa Kivu tuna tahadhari mbili zinazotuhusu zaidi kuliko watu wa pwani. Mosi, majedwali ya kuzamia yaliyotungwa kwa ajili ya bahari hayafai hapa bila kurekebishwa kwa mwinuko wetu. Pili, barabara nyingi zinazotoka ziwani hupanda milima. Anayetoka majini Rubavu na kupanda gari kuelekea Musanze hufika penye mwinuko wa zaidi ya mita 1,800 kwa muda mfupi, na mapovu ambayo yasingetokea ukingoni yanaweza kutokea njiani. Aliyezamia kwa mtungi akae ukingoni angalau saa 12, na saa 18 ikiwa alizama zaidi ya mara moja, kabla ya kupanda milima au ndege.

Tunakataza kwa mkazo matumizi ya pampu za kujaza upepo wa magurudumu kumpelekea mtu hewa majini kwa mpira. Hewa hiyo huweza kubeba mafuta na moshi wa injini. Moshi huo una gesi ya sumu ambayo hata juu huua, na chini ya mgandamizo sumu yake huzidi.

Wavu ukinasa, mtu akizama

Wavu ukinasa, jaribuni kwanza kuunasua kutoka juu: zungukeni na mitumbwi, uvuteni kutoka upande ulionasia. Ikishindikana, fungeni jerikani tupu iliyofunikwa kwenye kamba yake ili ielee, tazameni alama mbili za nchi kavu, kama vile mlima na mnara, kisha rudini mchana mkiwa na msaada. Aliyeko karibu na wavu majini bila kisu cha kukatia nyuzi yumo hatarini, kwa kuwa wavu uliotengenezwa kunasa samaki hunasa pia kifungo, kidole na nywele.

Mtu akizama, usimrukie. Anayetapatapa humkumbatia anayemfikia, wakazama wote wawili. Mrushie kamba, jerikani tupu au jaketi la uokoaji. Mnyoshee kasia au mti. Msogelee kwa mtumbwi. Akitolewa akiwa hapumui, usimkamue tumbo wala kumning'iniza kichwa chini. Mlaze chali, inua kidevu, mpulizie pumzi 5 kinywani huku ukibana pua yake. Asipoamka wala kupumua, kandamiza katikati ya kifua mara 30 kwa nguvu na haraka, kisha pumzi 2, na kuendelea hivyo hadi msaada ufike au aanze kupumua. Upande wa Rwanda, namba ya dharura ni 112. Ng'ambo, mtaarifuni kiongozi wa ufuko na kituo cha polisi kilicho karibu.

Mtu akiwa amekwisha kupotelea chini, wekeni boya mahali alipoonekana mara ya mwisho na muwaachie askari wazamiaji kazi hiyo. Tunajua jinsi familia inavyoumia kungoja ufukweni. Lakini ndugu anayezama kumtafuta ndugu yake bila mafunzo huweza kuifanya misiba kuwa miwili.

Mpaka usioonekana

Mpaka wa nchi zetu unapita katikati ya maji, na maji hayaweki alama. Sambaza huvuka bila hati, mvuvi hawezi. Wavu ukichukuliwa na mkondo hadi ng'ambo, msiufuate usiku. Andikeni saa na mahali, mwarifuni kiongozi wa ushirika na polisi ya majini, ili wazungumze na wenzao wa upande wa pili. Kadhalika mwili ukionekana majini, wa mtu yeyote wa upande wowote, toeni taarifa bila kuuhamisha. Kutoa taarifa si kosa, na huenda kuna mama ng'ambo anayengoja kujua.

Linabaki neno moja ambalo tunaliona zito kuliko yote. Anayevua kwa kificho katika kipindi kilichofungwa, au kwa wavu uliokatazwa, hana taa wala jaketi la uokoaji, na wavu wake ukinasa huona afadhali azame gizani kuliko kuomba msaada, kwa kuogopa kukamatwa. Sheria haitaacha kufuatwa. Lakini mtu anapozama, kwanza aitwe mwokoaji. Suala la wavu lina siku yake, uhai hauna siku ya pili. Aliye pembeni asinyamaze kwa kuficha kosa la mwenzake.

Mpiga mbizi nchi kavu huchunua usoye, walisema wahenga. Kila kazi ina mahali pake na namna yake. Tunawasihi viongozi wa ushirika wa wavuvi, walimu na wazazi wawasomee vijana kanuni hizi kabla ya msimu kufunguliwa, na kila mtumbwi uwe na jaketi kwa kila mtu, kamba ya kurusha, kisu na jerikani tupu. Sambaza amelilisha ziwa zima kwa zaidi ya miaka arobaini bila kutoka katika tabaka lake la juu. Nasi tuvue humo humo, na kila aliyeondoka jioni arudi asubuhi.